Fundi Matanga wa Meli ya Orlanda

Katika mji wa bandari wa Whitby, Uingereza, mvulana huulizwa mapema kama atakwenda kwenye meli za nyangumi au za makaa ya mawe, na Enos Garbutt alijibu kwamba hataki hata kimoja. Alikuwa mzito wa miguu na alichukia kupanda mlingotini. Baba yake, ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza, alimpeleka kwenye ghala la matanga karibu na daraja, akamkabidhi kwa fundi mmoja kiziwi, na huko Enos akajifunza kushika shazia, ile sindano nene ya kushonea matanga, na kuvaa ile ngozi ngumu ya kiganja ambayo mshonaji husukumia sindano. Kazi ilimkaa mkononi. Lakini matanga hayaharibikii ghalani, yanaharibikia baharini, na mwenye kuyashona hana budi kuyafuata. Alipofikia umri wa kuoa alikuwa ameshakwenda Greenland misimu mingi na meli za nyangumi, ameketi kwenye benchi lake chini ya sitaha huku wengine wakipanda juu.

Alimwoa Hester Pallister, binti wa msokota kamba. Pamoja na mke alipata shemeji, Jonas, mdogo wake Hester, mwembamba kama ufito, hodari wa kupanda foromali, ile nguzo ya juu inayobeba tanga, na mdomo wake haukujua kupumzika. Jonas ndiye aliyemwita Enos “Bibi Harusi” mbele ya watu kwa sababu ya kushinda ameinamia sindano, na jina hilo lilimfuata kutoka gati moja hadi jingine. Enos hakukasirika. Alimpenda kijana huyo kuliko alivyojua kusema.

Miaka michache baada ya vita na Wafaransa kwisha, wakuu wa jeshi la majini walianza kutafuta watu wa kwenda kaskazini. Walitaka kujua kama meli inaweza kupita juu ya Amerika, katikati ya barafu, ikatokea upande wa pili kwenye bahari ya Uchina. Wanajeshi wenyewe walikuwa wengi tu, ila wengi wao hawakuwa wameona barafu kubwa kuliko ile ya kwenye ndoo asubuhi. Kwa hiyo waliajiri watu wa nyangumi wakawachanganya na mabaharia wao, wakalipa mshahara maradufu, na Enos akatia sahihi kuwa fundi matanga wa Orlanda. Jonas alipopata habari alitia sahihi siku hiyohiyo.

Hester hakulia. Aliwafungashia mkate na jibini, akamfunga mdogo wake skafu shingoni mara mbili kana kwamba anafunga mzigo, kisha akamgeukia mumewe mlangoni.

“Umchukue, sikatai,” alisema. “Ila umrudishe. Sitaki kusikia habari za bahari.”

Enos alisema sawa. Ni neno dogo, na wakati ule aliliona linatosha.

Kiangazi cha kwanza kilikwenda vizuri kuliko walivyostahili. Waliipita ghuba kubwa ambako meli za nyangumi huishia, wakaingia mlango wa bahari ulioelekea magharibi, na kila rasi waliyoipita nahodha aliipa jina la lordi fulani au la mke wa lordi. Barafu ilipoanza kushikana walikuwa wamefika mbali kuliko meli yoyote waliyopata kusikia habari zake. Walijibanza kwenye ghuba ndogo yenye ufuko wa mawe, wakashusha milingoti ya juu, wakafunika sitaha kwa turubai alilolishona Enos, wakasubiri. Nahodha aliiita ghuba ile kwa jina la waziri mmoja. Watu waliiita Jela.

Giza la majira ya baridi, jua lisipochomoza kabisa, lilikuwa refu na halikuwa na mambo mengi ya kusimulia. Chini ya sitaha pumzi za watu zilipanda zikaganda kwenye mbao, na majiko yalipokolezwa moto barafu ile iliyeyuka ikawadondokea vitandani. Blanketi halikukauka. Ufizi wa watu kadhaa ulianza kutoa damu, na daktari, Bwana Ainslie, akawa anasimama kila siku kuhakikisha kila mtu anameza maji yake ya limau mbele ya macho yake. Jonas hakuwa na kiseyeye. Jonas alikuwa na kifua. Alianza kwa kukohoa akicheka, akidai kwamba ni mzaha uliomkwama kooni, na jua liliporudi alikuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kupumzika katikati.

Jua lilipokaa siku nzima bila kuzama, theluji iliondoka kwenye ufuko na majani madogo machachu yakachipua kati ya mawe. Watu walitumwa kuyachuma kama mbuzi. Waliokuwa na kiseyeye waliyatafuna, na baada ya muda mfupi walikuwa wakikimbizana juu ya barafu. Enos alimletea Jonas kofia nzima ya majani hayo. Jonas aliyala yote kwa heshima ya aliyeyachuma, na hali yake haikubadilika.

Enos alimfuata daktari. Bwana Ainslie alikuwa mtu asiyependa kudanganya wala kutisha, jambo lililomfanya azungumze polepole sana. Alieleza kwamba pafu moja limeharibika. Kama Jonas angefika nchi kavu kabla ya baridi, akalala mahali pakavu, akapata maziwa na nyama isiyotiwa chumvi, kulikuwa na matumaini ya kweli. Akibaki kwenye unyevu ule mpaka barafu ishikane tena, hapakuwa na dawa katika sanduku lake ambayo ingemsaidia. Enos aliuliza ni muda gani utatosha kufika nyumbani. Daktari alisema kwamba wakitoka mapema, kiangazi hicho kingetosha.

Basi ikawa mambo yote yameshikwa na barafu iliyokuwa kati ya Orlanda na maji.

Mungo Leask, serahangi au mkuu wa mabaharia wa kawaida, mtu wa visiwa vya Shetland aliyewahi kufungiwa na barafu mara nyingi kuliko alivyokwenda kanisani, ndiye aliyesimamia kazi ya kukata mfereji. Walisimamisha miguu mitatu ya nguzo juu ya barafu, wakatundika msumeno mrefu kuliko mtu kwenye kapi, na kundi la watu likawa linavuta kamba na kuachia, kuvuta na kuachia, meno ya msumeno yakipanda na kushuka ndani ya barafu. Walianzia kwenye maji, wakakata kuirudia meli, ili kila pande la barafu lililokatika lipate njia ya kuelea nje. Kuyasukuma mapande yale kwa miti kulikuwa kazi ya punda.

Hapo ndipo mabaharia walipofanya jambo ambalo mkulima asingelifikiria. Upepo ulikuwa unatoka ufukoni. Mtu mmoja alichimba tundu kwenye pande la barafu, akasimika kasia, akafunga tanga la mashua, na lile pande likaondoka lenyewe kwenye mfereji likielekea baharini, yeye amesimama juu yake amejishika kiuno kama admirali. Mpaka chakula cha mchana kila pande lilikuwa na tanga. Enos aliletewa vitambaa vyote vichakavu vilivyokuwa melini avitie pindo haraka, na kazi ambayo luteni alidhani itakula kiangazi kizima ikaanza kusonga upesi mbele ya macho yao.

Jonas alipandishwa sitahani akiwa amefungwa blanketi ili aone.

“Bibi Harusi,” alisema, “umezeeka vibaya. Sasa unaivalisha barafu nguo.”

“Naivalisha iende zake,” Enos alimjibu. “Ikishaondoka yote, na sisi tunaondoka. Utanywa bia Whitby kabla ya mavuno.”

Aliyasema hayo kwa uhakika kabisa, na kila mtu wa nyangumi kwenye sitaha angesema vilevile. Kwenye biashara yao, meli iliyokamatwa na barafu ikapona majira ya baridi haijiulizi la kufanya. Barafu ikifunguka, omo, yaani pua ya meli, inageuzwa nyumbani, na mwenye meli anashukuru Mungu kwa mbao zilizosalia. Walikata mfereji ule kwa nguvu ya mawazo hayo. Leask aliwaimbia wakivuta msumeno, na nyimbo zote zilikuwa za kurudi. Hakuna aliyeuliza. Maofisa walisikia zile nyimbo, na huenda walidhani kwamba mabaharia huimba tu.

Jumapili, mfereji ukiwa umebakiza kipande kifupi kufika melini, Nahodha Latimer alimaliza sala akawaomba watu wabaki. Alikuwa mtu mpole, mwenye uso uliochunika kwa baridi, aliyekuwa akiotesha haradali kwenye masanduku juu ya bomba la jiko lake na kugawa majani yake kwa wagonjwa kabla hajaonja mwenyewe. Aliwashukuru. Alisema hajaona kazi kama ile katika maisha yake yote. Alisema kwamba wiki hiyo, Mungu akipenda, Orlanda itakuwa huru, na kiangazi kizima kiko mbele yao kuikamilisha kazi waliyotumwa, upande wa magharibi.

Mabaharia wa jeshi walirusha kofia. Kulikuwa na zawadi iliyoahidiwa na Bunge kwa watakaofika mbali zaidi, na tena wengi wao walikuwa vijana waliotaka tu kuona Uchina. Watu wa nyangumi walibaki na kofia vichwani. Enos alimtazama Leask, na Leask akatazama viatu vyake.

“Ulijua?” Enos alimuuliza baadaye.

“Ningejuaje? Mimi nimekata barafu tangu sina ndevu, fundi. Sijawahi kuona mtu anaikata ili aingie ndani zaidi.”

Kwa desturi ya jeshi, baharia hamwendei nahodha. Anamwambia serahangi, serahangi anamwambia luteni, na jibu likija linakuja kwa njia hiyohiyo, limepoa. Enos alipita ngazi hizo zote, na labda kwa kuwa kila mmoja aliyeulizwa alikuwa ameshamsikia Jonas akikohoa, hakuna aliyemzuia. Alijikuta kwenye chumba cha nahodha, kofia mkononi, kati ya masanduku ya haradali.

Hakuwa amejiandaa kwa maneno mengi. Alieleza alichosema daktari. Alisema shemeji yake si mzigo, kwamba alipanda foromali siku za dhoruba wengine walipokataa. Alisema kama meli itageuzwa mashariki sasa, mtu huyo atapona, na akiongea alisikia jinsi jambo lile linavyokuwa dogo ndani ya chumba chenye ramani mezani.

Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema anayajua yote hayo. Daktari humpa taarifa kila asubuhi. Kisha akamweleza kwamba amri alizopewa London zinasema barafu ikifunguka aendelee magharibi maadamu chakula kipo na meli ni nzima, na vyote viwili vipo. Hazikumwachia nafasi ya kuchagua. Hata angetaka kumpeleka mgonjwa mmoja, hakuwa na meli nyingine ya kumpakia.

Enos aliitazama ile ramani mezani.

“Garbutt,” nahodha alisema, “ningefurahi uniambie kitu ninachoweza kukifanya.”

Kilikuwa kitu cha ajabu kuambiwa na mtu wa cheo kile, na kilimmaliza Enos kuliko kama angefukuzwa. Alisema hapana, bwana, ahsante bwana, akatoka. Nahodha alituma chini sahani ya haradali, na Jonas akaila akisema kwamba sasa anakula kama lordi, jambo lililobaki ni kufa kama lordi, amenenepa.

Enos hakumwambia kwamba meli inakwenda magharibi.

Mfereji ulikamilika. Walifunga kamba kwenye omo, watu wote wenye miguu wakashuka juu ya barafu pande zote mbili, mpiga fidla akakaa juu ya nanga iliyotundikwa ubavuni akaanza kupiga, nao wakaivuta Orlanda kwa mwendo wa muziki, hatua kwa hatua, hadi ikagusa maji na kutikisika kama kitu kilichoamka. Wengine walilia. Kisha matanga yakatandazwa, meli ikatoka kwenye mlango wa Jela, na usukani ukazungushwa upande wa magharibi.

Hawakwenda mbali kabla tanga la mbele halijachanika. Lilikuwa limekunjwa majira yote ya giza, na mahali fulani panya au baridi ilikuwa imelidhoofisha. Upepo ulilipasua kutoka pindo hadi katikati. Liliteremshwa, likaburutwa chini hadi kwenye benchi la Enos, na luteni akasema linahitajika upesi kwa sababu bila hilo meli inapoteza nusu ya mwendo.

Enos alivaa ngozi ya kiganja, akatia uzi kwenye shazia. Ilimjia wazi kwamba tanga lile liko mikononi mwake peke yake. Mshono mlegevu hauonekani kwa jicho la luteni. Tanga likichanika tena, na tena, nahodha angeweza kusema kwamba meli si nzima, na amri zingemruhusu kurudi. Alishona mishono michache kwa mkono mlegevu, akaiangalia. Upande wa pili wa ubao Jonas alikuwa anakohoa, na nje barafu ilikuwa inapita karibu sana na ubavu wa meli kiasi cha kusikika ikikwaruza. Meli isiyo na tanga la mbele, katikati ya barafu inayotembea, haigeuki wala kukwepa. Itabanwa, na walio chini ya sitaha watakuwa wa kwanza kusikia mbao zikilia. Aliifumua ile mishono. Akashona upya, mishono ya karibukaribu, uzi umepakwa nta, alivyofundishwa na yule kiziwi. Jioni tanga lilipanda na likavuta vizuri.

Alipokwenda kwa Jonas alimkuta ameamka.

“Tumetoka?”

“Tumetoka.”

“Nilisikia fidla. Yule mtu anapiga kama anayekuna paka.” Jonas alipumzika. “Basi ni nyumbani.”

“Nyumbani,” Enos alisema.

Siku mbili tatu uongo ule ulikaa vizuri. Jonas alizungumza habari za samaki wa moshi, na za deni la kofia ambalo muuzaji lazima ameshalisamehe. Enos alijibu kila kitu. Kisha nahodha akashuka kuwatembelea wagonjwa, kama kawaida yake, uso wake ukiwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi.

Alimwambia Jonas kwamba asubuhi hiyo wameona rasi mpya, ndefu, yenye mawe meusi, ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Amekwisha kuiandika. Imeitwa Rasi ya Pallister.

Jonas alijaribu kujiinua kwa kiwiko. “Jina langu, bwana?”

“Jina lako. Umelistahili.”

“Nakushukuru, bwana. Na iko wapi, hiyo rasi?”

“Mbele yetu upande wa kushoto. Tukiwa na upepo huu tutaipita kesho, twende magharibi zaidi.”

Enos alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Nahodha alimpiga Jonas bega kwa upole, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Jonas alilala chali akitazama mbao zilizo juu yake.

“Shemeji,” alisema, “ina majani, hiyo rasi yangu?”

“Sijaiona.”

“Kaitazame basi. Usije ukamwambia Hester nimerithi mawe matupu.”

Enos alipanda sitahani akaitazama. Hapakuwa na jani. Alirudi akasema yapo machache, na Jonas akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha, kwa maana hakuwa amemwamini hata kidogo. Hawakuzungumza tena habari za upande meli inakokwenda.

Orlanda ilikwenda magharibi hadi ikakutana na barafu iliyojaa kutoka ukingo mmoja wa upeo wa macho hadi mwingine, nene kuliko urefu wa nyumba, isiyo na ufa. Walisubiri mbele yake, wakasogea kusini, wakasogea kaskazini. Watu wa nyangumi walijua wakiiangalia tu, lakini haikuwa kazi yao kujua. Nahodha alipoandika mwishowe kwamba njia imefungwa na amri zimetimizwa kwa kadiri ya uwezo wa binadamu, sehemu nzuri ya kiangazi ilikuwa imekwisha. Waligeuza. Safari hii watu wote walishangilia.

Walipita Jela bila kusimama. Mfereji wao ulikuwa umeziba. Walivuka ghuba kubwa kwa upepo mzuri, tanga la mbele likivuta bila kasoro, na baridi ikawapata hukohuko, ikiingia chini ya sitaha pamoja na ukungu. Jonas alifariki asubuhi moja Enos akiwa amekwenda kumchukulia uji. Walikuwa wameshakutana na meli ya nyangumi kutoka bandari ya Hull, ikawapa viazi vipya, na vingine vilikuwa kwenye uji ule.

Kumshona marehemu kwenye turubai ni kazi ya fundi matanga. Leask alikuja akasema kwamba anaweza kumshonea, kwani wapo watu wasiotakiwa kufanya kazi fulani. Enos alikataa. Alichagua kitambaa kipya, si chakavu, na luteni akajifanya hakuona. Desturi inataka mshono wa mwisho upite kwenye pua ya maiti, ili ijulikane hakika kwamba mtu hayuko tena. Leask alisimama pembeni na kofia yake mkononi. Enos alipofika pale alisita, kisha akapitisha sindano, maana hakutaka mtu mwingine aguse uso ule, na hakutaka kubaki na shaka akifika mlangoni kwa Hester.

Nahodha aliamuru matanga yageuzwe dhidi ya upepo, na Orlanda, ambayo haikuweza kumsubiri Jonas siku yoyote alipokuwa hai, ikasimama kabisa juu ya maji kwa muda wa sala. Sala ilisomwa vizuri. Ubao uliinuliwa. Kisha luteni akatoa amri, matanga yakajaa tena, na watu wakarudi kwenye zamu zao. Na Enos akabaki ameshikilia ukingo wa meli, akijaribu kupanga atakachosema kwa Hester.